Kuweka web yako kwenye direktori za mtandaoni: inalipa au unapoteza muda? Twende hatua kwa hatua

Mtu akishamaliza kutengeneza web yake swali linalofuata ni lilelile, sasa watu wataionaje? Na hapo ndo zinaanza kuingia zile imeili za "tutasajili web yako kwenye direktori 500 ndani ya siku moja" (direktori ni web inayoorodhesha web na biashara za watu kwa makundi), bei ndogo, ahadi kubwa, unajiuliza kwa nini nisijaribu. Jibu langu la haraka ni usilipie hiyo. Ila usiziache direktori zote pia, zipo chache zinazoleta mtu kweli, yaani mtu anayefungua web yako akasoma kisha akapiga simu, na hizo chache ukizifanya kwa umakini zinakulipa kuliko zile 500 zote ukizijumlisha. Kazi ni kuzijua. Fuata hatua kwa mpangilio huu na ile ya pili usiiruke kabisa maana ndo yenye jibu lako wewe, sio jibu la jumla.

Hatua ya 1: Acha kufuata ushauri wa miaka ya nyuma

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu direktori ulikuwa sahihi zamani, tatizo watu wanaendelea kuukopi. Yahoo yenyewe ilianza 1994 kama orodha tu ya web iliyopangwa kwa mkono na wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo. Web zilikuwa chache, mtu akitaka kitu anafungua kipengele, anashuka kwenye kipengele kidogo, anachagua. 1998 ikaja direktori ya DMOZ ambayo wahariri wake walikuwa watu wa kujitolea, na ilikuwa na heshima kiasi kwamba Google nao walichukua data zake wakatengenezea direktori yao. Yahoo wakafika mahali wanatoza web za biashara dola 299 kwa mwaka na watu walilipa, kwa sababu Google inahesabu linki kama kura, web ikitajwa na sehemu inayoheshimika inapanda.

Sasa watu wakaona mwanya. Zikafunguliwa direktori nyingi mno ambazo hakuna binadamu anayezisoma, zipo kwa ajili ya kuuza linki tu. Aprili 2012 Google wakatoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, yaliyolenga linki za kutengeneza, na web nyingi zilizopandishwa kwa njia hiyo zikaporomoka. Yahoo wakafunga direktori yao mwishoni mwa 2014, DMOZ ikafungwa Machi 2017. Na leo ukisoma sera za Google kuhusu spamu (hila za kuidanganya ili web ipande) utakuta wameandika waziwazi kwamba linki kutoka direktori za kiwango cha chini ni spamu.

Kitu kimoja wengi hawakisemi: tangu 2016 Penguin mara nyingi haikushushi, inaipuuza tu hiyo linki. Kwa hiyo ukijisajili kwenye direktori 500 mbovu, matokeo ya kawaida ni kwamba hakitokei kitu chochote, hela imeenda, na imeili yako imeshajaa takataka. Ukiona mtu bado anakuambia "jisajili DMOZ" jua huo ushauri wake hajaugusa miaka mingi.

Hatua ya 2: Tafuta kama mteja wako anavyotafuta

Hii ndo hatua yenyewe. Fungua dirisha la faragha kwenye brauza ili historia yako isichafue matokeo, halafu andika maneno ambayo mteja anayaandika, sio maneno ya kitaalamu unayoyatumia wewe na wenzako. Kama unatengeneza laptop andika "fundi laptop" ukiongeza jina la eneo lako, andika "kubadilisha kioo cha laptop", andika "laptop haiwaki". Kama unauza programu andika tatizo ambalo programu inatatua. Fanya hivyo kwa maneno matano sita tofauti, na kila mara angalia ukurasa wa kwanza wa matokeo tu.

Ukiona direktori fulani inajitokeza pale juu mara mbili tatu, hiyo iandike. Hiyo inastahili muda wako, kwa sababu mteja anayetafuta anakutana nayo kabla hajakutana na wewe, na kama haumo ndani anawakuta washindani wako peke yao. Kama hakuna direktori hata moja inayojitokeza kwa maneno yote hayo basi na lenyewe ni jibu, fani yako watu hawaitafuti kwa njia hiyo, peleka nguvu kwingine.

Halafu waulize wateja ulionao. Swali moja tu, "ulinipataje?" Usiwatajie majibu, waache waseme wenyewe.

Kwa kawaida orodha yako itaangukia kwenye makundi haya. Kuna za ramani: Google Business Profile, Bing Places, ile ya Apple kwa ajili ya Apple Maps, na OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza sehemu na data zake zinatumiwa na programu nyingi za ramani. Kama una sehemu ambayo wateja wanafika, au unawafuata walipo, hizi ni za lazima na zote ni bure, anza nazo kabla ya kitu kingine chochote. Lakini kama biashara yako ni ya mtandaoni tupu, hukutani na mteja ana kwa ana, Google Business Profile haikuhusu, masharti yao yanakataa, usidanganye anwani ya nyumba ya mtu maana wasifu unafungiwa na kuurudisha ni shida.

Kuna za fani: orodha ya wanachama ya chama cha kitaaluma ulichomo, Tripadvisor kwa wenye hoteli na utalii, Product Hunt kwa wanaotoa programu mpya, orodha za kwenye GitHub (web ambako watengeneza programu wanaweka kazi zao) ambazo wataalamu wanakusanya zana za fani moja. Mimi kundi hili ndo nalithamini kuliko yote, watu wanaoingia humo tayari wanajua wanachotaka.

Halafu kuna za eneo, mfano orodha ya chemba ya wafanyabiashara. Na mwisho kuna za jumla, zile za "web zote za dunia". Hizi za mwisho karibu zote ziache.

Hatua ya 3: Ichunguze direktori kabla hujaipa hata jina lako

Chukua ile uliyoiandika, ifungue, na fanya hivi taratibu.

Ingia kwenye kipengele cha fani yako, usiishie ukurasa wa mbele. Ukurasa wa mbele huwa unapendeza kila mahali. Fungua linki tano au sita za walioorodheshwa. Zinafunguka? Kama mbili zimekufa, moja imegeuka kuwa web ya kamari, na nyingine inakupeleka kwenye domeni (anwani ya web) inayouzwa, basi hakuna mtu anayeisimamia hiyo direktori, toka.

Angalia wanaokaa jirani. Fundi wa laptop akiwa katikati ya mikopo ya haraka, dawa za kupunguza unene na kasino, yote kwenye ukurasa mmoja, hiyo sio direktori ya mafundi, ni ghala la linki.

Nenda Google andika site: ikifuatiwa na domeni ya hiyo direktori bila kuacha nafasi. Kama inaleta kurasa chache sana au haileti kabisa wakati direktori inajitangaza kuwa na maelfu ya web, maana yake Google yenyewe haiitaki, sasa wewe inakusaidia nini.

Bonyeza Ctrl+U ukiwa kwenye ukurasa wa mmoja wa walioorodheshwa, itafunguka code, yaani maandishi ya kompyuta yanayotengeneza ukurasa, tafuta jina la domeni yake humo. Pembeni ya linki unaweza kukuta neno nofollow, au sponsored, au ugc. Nofollow ilianza 2005, hayo mawili yakaongezwa 2019, na kazi yake ni kuiambia Google kwamba hii linki usiihesabu kama kura yangu, ingawa siku hizi Google wanaichukulia kama dokezo sio amri. Watu wengi wakiona nofollow wanakimbia, mi sikubaliani nao hata kidogo. Kama direktori inaleta watu, nofollow isikusumbue, mteja haoni hayo maneno, anabonyeza anakuja. Na kinyume chake, direktori isiyo na nofollow lakini haina hata msomaji mmoja, inayouza nafasi kwa kila anayelipa, hiyo ndo hatari zaidi.

Mwisho angalia fomu yao ya kujisajili. Ukikuta wanadai uweke linki yao kwenye web yako kwanza ndo wakukubali, acha. Ukikuta wanakuruhusu uchague maneno ya kubonyeza, mfano badala ya jina la biashara uandike "fundi bora wa laptop bei nafuu", acha pia, hiyo ndo alama ya direktori iliyojengwa kwa ajili ya kuidanganya Google. Direktori nzuri ina mtu anayepitia maombi na kukataa baadhi, inachukua muda, inakera, lakini huko kukataa ndo kunakoipa thamani.

Ukimaliza hapa kwa wengi zitabaki tano, kumi, mara chache sana zaidi. Usiogope uchache.

Hatua ya 4: Andaa taarifa zako sehemu moja

Fungua faili moja. Andika jina la biashara kama lilivyo kwenye web yako, herufi kwa herufi. Anwani. Namba ya simu moja. Linki ya web, na uamue kama ni yenye www au isiyo nayo, kisha ushikilie hiyohiyo. Saa za kazi. Logo na picha tatu nne nzuri. Kuanzia hapo unakopi na kupesti tu, hakuna kuandika upya kwa kichwa.

Naona watu wanadharau hili na ndipo wanapoumia. Utakuta mtu sehemu moja kaandika "Studio ya Picha", kwingine "Studio Picha na Video", kwingine kaweka jina lake mwenyewe, namba ya simu huku ni ya zamani kule ni ya ndugu yake, na wasifu mmoja una anwani ya ofisi aliyohama. Mteja akikuta namba mbili tofauti anapiga ya kwanza, haipatikani, anaenda kwa mwingine. Na mifumo ya ramani inakusanya taarifa kutoka sehemu nyingi, zikigongana inaweza kukutengenezea wasifu mara mbili, maoni ya wateja yakagawanyika nusu huku nusu kule.

Kwa hiyo kabla hujajisajili popote tafuta kwanza jina lako na namba yako kwenye hiyo direktori. Mara nyingi umeshaorodheshwa bila kujua, wamechukua taarifa mahali. Usifungue wasifu mpya, dai huo uliopo, kuna kitufe cha kudai umiliki, kisha urekebishe.

Hatua ya 5: Andika maelezo ya mtu kusoma

Hapa wengi wanaandika kitu kama hiki: "Sisi ni kampuni inayoongoza kwa huduma bora za laptop, laptop, kompyuta, ubora na uaminifu, karibu sana." Mteja hajapata chochote hapo. Mwingine ataandika: "Tunabadilisha vioo, betri na kibodi za laptop aina zote. Tunakagua kwanza na kukutajia bei kabla ya kufungua mashine. Kama ina mafaili muhimu tunayahamisha kabla ya kuanza." Huyu wa pili kasema anafanya nini, anaanzaje, na kaondoa ile hofu ambayo kila mwenye laptop iliyokufa anayo, hofu ya mafaili. Na maneno aliyoongeza ni machache tu.

Usikopi maelezo hayohayo neno kwa neno kila direktori. Jina, simu na anwani visibadilike, lakini maelezo yabadilishe kidogo kufuatana na wanaosoma pale. Kwenye orodha ya chama cha kitaaluma sema cheti chako, kwenye ramani sema unafungua saa ngapi na gari linaegeshwa wapi.

Linki pia ifikirie. Kama direktori inakuruhusu kuweka ukurasa wowote, usipeleke watu ukurasa wa mbele kila mara, wapeleke kwenye ukurasa wa huduma wanayoitafuta.

Hatua ya 6: Jisajili kwa mkono, mwenyewe

Usitumie programu za kujaza fomu otomatiki. Zinakosea kategoria, zinajaza direktori ulizozikataa, na baadaye ukitaka kufuta hujui hata umesajiliwa wapi.

Fungua imeili maalumu kwa kazi hii, kitu kama orodha@ na domeni yako, maana fomu hizi zinakaribisha matangazo mengi. Ila hakikisha unaifungua, kwa sababu linki ya kuthibitisha inakuja huko na usipoibonyeza usajili unakufa kimya kimya. Za ramani zitataka uthibitisho zaidi, inaweza kuwa simu au video ya sehemu yako, kuwa mvumilivu.

Kila ukimaliza moja andika kwenye shiti: jina la direktori, linki ya wasifu wako, imeili uliyotumia, tarehe. Pasiwedi weka kwenye programu ya kutunza pasiwedi. Siku ukibadilisha namba ya simu hii shiti itakuokoa, unapita moja baada ya nyingine unamaliza ndani ya muda mfupi.

Angalizo la utapeli. Baada ya kujisajili unaweza kupata imeili au barua inayokuomba "uthibitishe taarifa zako bure", na chini kabisa kwa maandishi madogo imeandikwa kwamba ukisaini umekubali mkataba wa kulipia wa miaka kadhaa. Nyingine zinakuja kama ankara kabisa, zina nembo na namba ya kumbukumbu, zinadai ada ya kuorodheshwa ambayo hukuiomba. Hakuna unachodaiwa. Usijibu, usisaini, na kama una mtu anayekulipia bili za ofisi mwambie mapema asije akalipa akidhani ni bili ya kawaida. Inaniuma kwa kweli kwa sababu wanaonaswa ni wale waangalifu wanaopenda kulipa kwa wakati.

Hatua ya 7: Pima, halafu ndo uzungumzie kulipia

Kwenye linki unayoweka ongeza alama mwishoni, mfano ?utm_source=jina-la-direktori, programu za takwimu kama Google Analytics zitakuonyesha waliotoka pale. Direktori nyingine zinakataa linki ya namna hiyo, hapo angalia kwenye takwimu sehemu inayoonyesha mtu ametoka web gani. Kwa zile za ramani wasifu wenyewe unakuonyesha waliobonyeza simu na walioomba njia. Na endelea kuuliza lile swali la "ulinipataje", maana kuna anayekuona kwenye direktori, anakariri jina, anakuja kutafuta Google siku nyingine, huyo takwimu hazimuoni.

Iachie miezi mitatu hivi. Kisha usihesabu linki, hesabu watu. Direktori iliyoleta watu wanne na mmoja akawa mteja ni bora kuliko iliyoleta mia wakatoka ndani ya sekunde mbili.

Na kulipia? Lipia direktori ambayo nafasi ya bure imeshakuletea mteja, au ambayo hatua ya 2 imekuonyesha inatawala ukurasa wa kwanza na haina nafasi ya bure. Chukua faida unayopata kwa mteja mmoja, linganisha na ada ya mwaka, uone unahitaji wateja wangapi ili irudi. Kama hesabu inataka wateja ambao direktori nzima haiwezi kuwa nao, jibu umelipata. Anza na muda mfupi, na zima malipo ya kujirudia mapema.

Kama ulishalipia zile 500

Usihangaike sana. Fungua Google Search Console, zana ya Google kwa wenye web, ni bure, nenda sehemu ya hatua zilizochukuliwa na wakaguzi wa Google dhidi ya web. Kama hakuna kitu hapo, acha kama zilivyo, mara nyingi Google imeshazipuuza. Kuna zana ya kuzikana linki, yaani kuzikataa na kuiambia Google isizihesabu, ilitoka 2012, lakini Google wenyewe wanasema web nyingi haziihitaji, na ukiitumia vibaya unaweza kuzikana hata linki nzuri. Kama kweli umekuta adhabu, omba ufutwe kwenye direktori zinazojibu, zisizojibu ndo uzikane kwa zana hiyo, kisha utume ombi la kuangaliwa upya ukieleza wazi ulichofanya. Ila zile zilizobeba namba ya simu ya zamani hizo zifuatilie hata kama hakuna adhabu, andika kwa wenye nazo waibadilishe au wafute wasifu, anza na zile zinazotokea ukitafuta jina la biashara yako Google.